Gwature Hataki Kuchekwa

Sikumpenda Taruvinga Gwature, na sitajifanya nilimpenda kwa kuwa sasa amekufa. Alikuwa mzee mwenye nuksi, mgumu wa salamu, anayeitazama sahani yako ya sadza, ugali wetu wa huku, utadhani umemwibia yeye. Tuliishi wote katika nyumba ya wazee hapa nje ya Rusape, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, katikati baraza ndefu ya saruji yenye viti vya mbao. Kila mtu ana kiti chake, na ole wako ukikalia cha mwenzako. Kiti cha Gwature kilikuwa jirani na changu. Ndiyo sababu nayajua haya, si kwa sababu ya urafiki.

Jina langu Netsai. Hapa naitwa Ambuya, kama anavyoitwa bibi yeyote, na babu yeyote huitwa Sekuru. Zamani nilikuwa mwunganisha simu posta, watu wakitukanana na kubembelezana masikioni mwangu kutwa nzima, na kazi ile ilinimaliza hamu ya kuwapenda binadamu. Nasema mapema, msije mkadhani mnasimuliwa na bibi mpole.

Gwature alikuwa mtunza josho. Kwao, huko vijijini Makoni, watu walileta ng'ombe wao kuogeshwa dawa ya kupe, na yeye ndiye aliyesimama ukingoni na koti la kaki la serikali, vifungo vya shaba vimefungwa mpaka kooni hata jua likiwa kali. Ukichelewa, ng'ombe wako hawaingii. Mjane aliyetembea tangu alfajiri alirudishwa, na chifu naye alirudishwa, tena mbele ya watu wake. Hakuna aliyeweza kumhonga hata kwa kuku. Wakati wa vita vijana wa msituni walipiga marufuku majosho, wakisema ni mambo ya wazungu, ng'ombe wakafa ovyo kwa kupe, Gwature mwenyewe akaponea chupuchupu. Vita vilipokwisha alirudi palepale ukingoni na koti lilelile. Watu walimwogopa na kumchukia, na kusema kweli alifurahia.

Mtu mmoja tu hakumwogopa, naye ni Sagonda. Ukoo wa Sagonda na ukoo wa Gwature ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wa namna hiyo sisi tunamwita sahwira, na hachaguliwi, unazaliwa unamkuta. Sahwira atakutukana mbele ya wakwe zako. Atabeba kuku wako bila kuomba. Ukifa, yeye ndiye anayekuosha na kukuvika, kisha anavaa nguo zako na kuigiza mwendo wako na ubahili wako mbele ya waombolezaji, mpaka watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Wala huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe.

Sasa, Sista Plaxedes, mkuu wa wauguzi wetu, alikwenda kozi Mutare akarudi na moto mpya. Kabla ya hapo tulikuwa tukiendeshwa kama kuku wa bandani. Wote tunaamshwa pamoja, wote tunaogeshwa pamoja, uji mmoja, kulala saa ileile utake usitake. Sista akasema basi. Kuanzia sasa huduma itamfuata mtu, si mtu kuifuata huduma. Kila mmoja wetu angekaa naye barazani, aulizwe maisha yake yalikuwaje, anapenda nini, anachukia nini, anaogopa nini, na siku zake za mwisho anataka ziweje. Majibu yangeandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa juu ya kitanda, ili hata mhudumu mgeni akiingia ajue anamshika nani.

Niwe mkweli, jambo lile lilikuwa jema. Mimi nilisema sitaki kuguswa kichwa bila kuombwa, nataka chai kabla ya kuoga, na asiniite mtu "mrembo wetu", maana urembo sina na wala mimi si wao. Yote yalifuatwa. Bibi Konsilia alikuwa akipiga mayowe kila akiogeshwa, kumbe alitaka tu aoge amejifunga kitambaa. Wakamruhusu, mayowe yakaisha. Kwa hiyo mpango sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na masikio ya watu.

Zamu ya Gwature ilipofika nilikuwa kwenye kiti changu. Sikuondoka, na hakuna aliyeniomba niondoke.

"Uji wa ulezi, bila sukari," alisema Gwature. "Aniogeshe mwanamume. Mlango wa chumba uwe wazi. Na Sagonda asiniguse, nikiwa hai wala nikiwa maiti."

"Sagonda ni nani, Sekuru?"

"Mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa wa kwa Sagonda. Baba yake alikuwa mbwa wa baba yangu."

Sista alicheka mpaka akajifuta macho. "Kumbe ni sahwira wako."

"Ndiye. Asiniguse."

"Nimeelewa, Sekuru," akasema, akaandika huku bado anatabasamu.

Hakuelewa kitu. Daktari kutoka mbali, asiyejua lolote kuhusu sisi, angeandika alichoambiwa. Plaxedes ni mwana wa kwetu, amekulia kwenye misiba yetu, basi akaandika alichokijua. Siku ya pili karatasi ya Gwature ikasema, chini ya yale yanayomfurahisha: uji wa ulezi, mlango wazi, na mtani wake VaSagonda, hiyo "Va" ikiwa ya heshima.

Ningeweza kusema mambo yangeishia hapo, karatasi ni karatasi. Lakini baadaye paa la nyumba ya Sagonda likaanguka, mwanawe yuko Afrika Kusini na hapokei simu, na watu wa ustawi wa jamii wakamleta kwetu. Alishuka garini na mfuko wa plastiki na fimbo, mzee mfupi mwenye upara, anacheka na kila mtu kabla hajajulishwa jina lake. Wote walimpenda papo hapo. Mimi naye sikumpenda, kwa sababu mtu anayependwa haraka hivyo ana anachokitafuta.

Sista alimshika mkono akampeleka moja kwa moja chumbani kwa Gwature, ambako alikuwa ametandika kitanda cha pili kimyakimya tangu asubuhi. Sisi wengine tukajaa mlangoni kutazama.

"Sekuru Gwature, tumekuletea zawadi."

Gwature alifumbua macho. Sagonda alimtazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Bado hujafa," alisema Sagonda.

"Toka."

"Nimesafiri kutwa kuja kukuzika, unaniambia toka? Sogeza hiyo miguu mibaya nikae."

"Mtoeni mbwa huyu. Sista, mtoe. Nitalala na nguruwe, yeye silali naye."

Mlango mzima ukaangua kicheko. Mpishi alijishika mbavu. Sista akatugeukia, uso unang'aa kwa furaha. "Mnaona? Tangu aje hapa hajawahi kusema maneno mengi hivi."

Ni kweli, hakuwahi.

Basi ndivyo Gwature alivyofungiwa na adui yake, kwa upendo. Kila alilofanya kujinasua lilizidi kumkaza. Akipiga kelele kwamba Sagonda amechukua mto wake, watu wanacheka, kwa sababu sahwira huchukua. Sagonda alichukua mto, akachukua ugoro, akachukua kipande cha nyama sahanini Jumapili, na alipokitafuna alimtazama Gwature machoni. Akina mama wa kanisani walipokuja na mikate yao, Sista aliwapeleka kwanza chumba kile, kama mtu anayewaonyesha wageni sebule mpya. "Waambie wageni unavyompenda mwenzako," alisema Sista. Gwature akajibu kwamba anaomba kila siku Sagonda afe kabla ya chakula. Akina mama walipiga vigelegele.

Nilikwenda ofisini kwa Sista. Sikwenda kwa huruma. Nilichoka kusikia kelele.

"Yule mzee hatanii," nikamwambia.

"Ambuya, bibi yangu na sahwira wake walikuwa hivyohivyo. Ungesema watauana."

"Wengine huuana."

Akacheka tena, akanipigapiga begani. "Na wewe umeshaingia kwenye utani wao."

Nilitoka pale nimefura. Mtu akikuuliza unataka nini, halafu ukijibu anakucheka, afadhali asingeuliza. Zamani Gwature alikuwa haulizwi na alijua haulizwi. Sasa aliulizwa kila mwezi, kwa upole, na karatasi ikaendelea kubandikwa vilevile.

Asubuhi moja, Sagonda akiwa bado anaoga, nilimuuliza Gwature moja kwa moja. "Amekukosea nini yule?"

 Akaanza kuongea akitazama uwanjani.

"Mke wangu Keresenzia aliumwa tumbo muda mrefu. Nilishindwa kukaa chumbani. Harufu ile. Na macho yake. Nikawa nakwenda joshoni hata siku isiyo ya kuogesha ng'ombe, nakaa ukingoni natazama maji machafu. Anaita maji ya kunywa, namsikia nikiwa mlangoni, nafunga koti naondoka."

"Nani alimpa hayo maji?"

"Mke wa Sagonda."

Kwa hiyo Sagonda alijua yote. Kwenye msiba wa Keresenzia, sahwira akafanya kazi yake. Alivaa koti la kaki la Gwature, mwanamke mmoja akajilaza mkekani kama Keresenzia akilia, "Baba Lokadia, maji, Baba Lokadia, maji," na Sagonda akafunga vifungo, kimoja kimoja, taratibu, mpaka kooni, halafu akatoka anapiga mluzi akihesabu ng'ombe wasiokuwepo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Na mimi nilicheka," alisema Gwature. "Ningefanyaje? Nikageuka nikamwona Lokadia hacheki."

Lokadia ni binti yao wa pekee. Alikuwa akifundisha shule Harare wakati wa ugonjwa, na baba yake alimwandikia kila mara kwamba asihangaike kuja, mama anauguzwa vizuri, yeye mwenyewe haondoki kitandani pake. Baada ya mazishi Lokadia alikunja nguo zake akaondoka. Hakurudi tena kwao, na ndiyo maana mzee mwenye mtoto mzima mwenye kazi alikuwa ameketi na sisi.

"Ulistahili," nikamwambia.

"Najua nilistahili. Sikukuuliza hilo." Akageuza uso wake mkavu kunitazama. "Nikifa Lokadia atakuja. Mtoto huja kuzika hata kama hataki. Na mbwa yule atavaa koti langu aigize tena, mbele yake. Sitaki. Duniani sina kingine ninachokitaka, ni hicho tu."

 Nilimchukia kwa ajili ya Keresenzia, ambaye sikuwahi kumwona, na papo hapo nikaona anachotaka ni haki yake.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, daktari akaja akatikisa kichwa. Sista akaitisha kikao cha kuupitia upya mpango wa Gwature, hasa ule upande wa siku za mwisho. Utaratibu wake mpya ulitaka jamaa awepo, akamsaka Lokadia kwa simu mpaka akampata. Sijui alimwambia nini, lakini Lokadia alikuja. Mwanamke wa makamo, nadhifu, koti la sufu, mkoba magotini. Alitusalimia wote kwa adabu na kukaa upande wa mbali wa baraza, baba yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu mbele yake. Sagonda alikaa katikati kama mwenye shughuli. Mimi nilikuwepo kwa sababu Gwature alisema bila mimi hazungumzi, na huo ndio wema pekee aliowahi kunitendea, kama ni wema.

Sista alisoma. Uji, mlango, mhudumu mwanamume. Dawa za maumivu. Asipelekwe hospitali kubwa kama haina faida. Vizuri yote. Halafu akasoma: "Akifariki, VaSagonda, sahwira wake, ndiye atakayemwosha, kumvika na kuongoza mazishi kwa desturi."

"Hapana," alisema Gwature.

"Mnasikia maiti inakataa?" alisema Sagonda. "Akuoshe nani wewe? Hata maji yatakukimbia."

Wahudumu waliokuwa wamesimama mlangoni wakacheka. Sista akacheka. Nilimwona hata Lokadia akibana midomo.

"Nasema hapana. Namchukia mtu huyu."

"Na mimi nakuchukia, ndiyo maana nataka nihakikishe mwenyewe umeingia shimoni."

Kicheko kikazidi. Nikasema mwacheni aseme, hakuna aliyenisikia. Gwature alitutazama mmoja mmoja, na nikaona jasho linamtoka kipajini. Mzee aliyewahi kumrudisha chifu na ng'ombe wake sasa hakuwa na neno hata moja ambalo lingesadikiwa.

Akashika mikono ya kiti akaanza kujishusha. Mhudumu akamkimbilia, Gwature akamsukuma kando. Alishuka mpaka sakafuni, akaikunja ile miguu iliyovimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, akakaa kama mtu anavyokaa mbele ya mkwe. Akakusanya viganja akapiga makofi ya heshima, polepole.

"Mhofu," alisema. Hilo ndilo jina la heshima la ukoo wa Sagonda, analoitwa na wageni na wakwe, wakimsemesha kwa wingi kama watu wengi. "Mhofu, mmeamkaje?"

Kicheko kikakatika. Hakuna anayemsalimia sahwira wake hivyo. Sijawahi kuona, na mama yangu hakuwahi kuona. Unaweza kumwita sahwira mbwa, mchawi, mwizi, na bado ni wako. Ukimkalia chini na kumpigia makofi, umemwambia mbele ya watu kwamba humjui.

"Inuka, acha upuuzi," alisema Sagonda. "Mbwa wewe."

"Sisi tumeamka, ikiwa nanyi mmeamka." Gwature akapiga makofi tena. "Watoto hawajambo? Mnisamehe nimekaa vibaya mbele yenu, miguu inanisumbua. Tumelala chumba kimoja na sijapata nafasi ya kuwashukuru kwa uvumilivu wenu."

Sagonda alitazama huku na huku kutafuta mtu anayecheka. Hakumpata. "Taruvinga," akasema, na sauti ikawa ya mtu mwingine. "Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mhofu, mkiniruhusu, ningependa nizikwe na watu wengine. Si vizuri kuwasumbua waheshimiwa kama ninyi."

Uzee wake wote ulimwangukia Sagonda pale pale. Nilikuwa sina huruma naye, na bado nilitamani kutazama pengine.

Sista aliweka kalamu chini. Wahudumu wawili wakamrudisha Gwature kitini, naye hakuwazuia.

"Sekuru, nilidhani ni utani," alisema Sista.

"Nilikwambia siku ya kwanza."

"Ulimtukana tu."

"Nilikwambia asiniguse. Wewe ukasikia matusi."

Sista aliikunja ile karatasi. Sifa yake ni kwamba hakujitetea zaidi. Alichukua karatasi nyingine, tupu, akauliza upya, safari hii bila tabasamu. "Basi unataka nani akuoshe?"

"Mtu asiyenijua."

"Sekuru, kazi yetu yote hapa ni kuwajua."

"Nijueni mpaka nife. Nikishakufa imetosha."

Akaandika. Nilimwona anaandika maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza.

Hapo Lokadia akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu salamu. "Baba," alisema. "Kwa hiyo siku ile alikusingizia?"

Sagonda aliinua kichwa. Nami nilielewa kinachotokea, na kila aliyekuwa na akili alielewa. Lokadia alikuwa ameona kwa macho yake baba yake akimkana sahwira, jambo ambalo halifanywi, na sasa alikuwa akijitafutia sababu. Neno moja lilitosha. Ndiyo, alinisingizia. Binti angesogeza kiti. Sagonda asingeweza kumpinga, maana ameshakuwa mgeni, na mgeni hana ruhusa ya kusema ya nyumbani kwa watu. Nilimwombea Gwature adanganye, Mungu anisamehe, mimi niliyekuwa simpendi.

"Hapana," alisema Gwature. "Yote yalikuwa kweli. Hata ule mluzi."

"Sasa yeye amekukosea nini?"

"Wewe ulikuwepo."

 Lokadia akafunga mkoba wake, akasimama. "Ameshasema anachotaka," alimwambia Sista. "Mfanyieni." Akashuka ngazi kwenda barabarani kusubiri basi, na hakugeuka nyuma.

Sagonda alihamishiwa chumba cha mwisho. Sikumsikia tena akimtania mtu. Lakini kila asubuhi alikokota kiti chake mpaka mbele ya Gwature, akakaa wima, akapiga makofi ya heshima na kumwita kwa jina la ukoo wake, Shumba, mmeamkaje, na Gwature akamjibu kwa makofi, tumeamka ikiwa nanyi mmeamka. Kisha kila mmoja akatazama upande wake. Nimesikia matusi ya kila namna kwenye waya za simu. Hakuna lililowahi kunichoma kama salamu za wazee wale wawili.

Gwature alikufa mwanzo wa mvua. Karatasi ilifuatwa neno kwa neno. Aliyemwosha ni mhudumu mpya kutoka Gokwe, kijana aliyekuwa hajamaliza hata wiki na sisi, na alimwosha vizuri, bila kuongea. Jamaa wachache walikuja wakauliza sahwira yuko wapi, msiba gani huu umekaa kimya. Sista Plaxedes alisimama mlangoni na kuwaambia marehemu alikataa. Wakamnung'unikia, mmoja akamwita mtoto asiye na mila, naye hakuteteruka. Siku ile nilimheshimu.

Lokadia alikuja, kama baba yake alivyosema. Alikaa mstari wa mbele. Sagonda alikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wageni, amevaa tai.

Mchungaji hakumjua Gwature. Alisema yale yanayosemwa. Mtumishi mwaminifu wa serikali. Mpenda watu. Kisha akatulia, akashusha sauti, akasema hapa tunamzika mume wa mfano, ambaye mke wake alipougua hakuondoka kitandani pake, alimnywesha maji kwa mkono wake mwenyewe mpaka dakika ya mwisho. Sijui nani alimpa maneno hayo. Labda barua za zamani, labda alijitungia tu kwa kuwa yanafaa kila msiba.

Watu waliitikia amina. Lokadia aligeuka kitini mwake, mzima mzima, akatafuta kule nyuma mpaka akamwona Sagonda.

"Sekuru Sagonda," alisema, na kila mtu alimsikia. "Unasikia hayo? Sema basi."

Mchungaji alishusha kitabu chake. Sagonda alisimama taratibu na fimbo yake. Kwa kitambo nilidhani atavua tai ile na kuanza. Akaiegemeza fimbo kwenye benchi, akakusanya viganja, akampigia Lokadia makofi ya heshima.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema. "Marehemu sikumfahamu."

Akakaa. Lokadia akageuka mbele tena, na mchungaji akaendelea kumsifu baba yake mpaka mwisho.